Namna ya kulifuatilia neno la Kigiriki «ofeilo», deni na wajibu, katika Agano Jipya

Kanisani tunasali, "Utusamehe makosa yetu." Ukifungua Mathayo 6:12 katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 unakuta maneno mengine: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Jioni moja katika kikundi chetu cha kusoma Biblia mama mmoja, muuza vitenge, aliuliza ipi ni sahihi. Kabla sijajibu akaongeza: "Mwalimu, kosa nalijua na deni nalijua. Kosa mtu hulisahau. Deni liko kwenye daftari."

Swali lake lilinirudisha kwenye Kigiriki, na mwongozo huu umetokana na njia niliyoipita kumjibu. Si lazima uwe umesoma chuo cha theolojia. Unahitaji Biblia ya Union Version (kwa kazi hii naipendelea, nitaeleza sababu), daftari, kalamu ya rangi moja, na simu yenye intaneti. Jipe jioni tatu au nne, usikimbie.

Hatua ya 1: Lijue neno kwa macho

Neno lenyewe ni ὀφείλω. Lisome «ofeilo»: ο ni o, φ ni f, ει ni ei, λ ni l, ω ni o ndefu. Ni kitenzi, na maana yake ya msingi ni kudaiwa, kuwa na kitu cha mwenzako ambacho hujamrudishia. Kitenzi hiki kina ndugu watatu wa karibu:

ὀφείλημα, «ofeilema»: deni lenyewe, kile kinachodaiwa.
ὀφειλή, «ofeile»: deni pia, au stahili ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine.
ὀφειλέτης, «ofeiletes»: mdeni, mdaiwa.

Yaandike manne haya juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi za Kigiriki, hata kama mkono utatetemeka. Ukiyaandika mara tano hivi, jicho litayatambua popote.

Hatua ya 2: Kusanya mistari yote

Zamani kazi hii ilihitaji itifaki nene ya Biblia, kitabu kinachoorodhesha kila neno na mistari lilimo. Leo tovuti za bure kama STEP Bible na Bible Hub zinakupa kila mahali neno lilipo. Tumia namba za Strong, zile ambazo James Strong alizichapa mwaka 1890 kwa kulipatia kila neno la Kiebrania na la Kigiriki namba yake. Kwa ukoo huu ni 3781 hadi 3784. Kitenzi kinatokea mara 35 hivi katika Agano Jipya, «ofeiletes» mara saba, «ofeile» mara tatu, na «ofeilema» mara mbili tu: Mathayo 6:12 na Warumi 4:4.

Sasa fungua kila mstari katika Biblia yako ya Kiswahili na upige mstari wa rangi chini ya neno linalobeba «ofeilo». Hapa ndipo utashangaa. Mathayo 6:12 utapigia "deni" na "wadeni". Warumi 1:14 utapigia "nawiwa". Yohana 13:14, "imewapasa". Wakorintho wa Kwanza 7:3, "haki yake". Mathayo 23:16, "amejifunga". Luka 13:4, "wakosaji". Wagalatia 5:3, "ni wajibu wake". Yohana 19:7, "amestahili", pale Wayahudi wanapomwambia Pilato kwamba kwa sheria yao Yesu amestahili kufa.

Wafasiri hawakukosea. Kila neno linakaa vizuri pale lilipo. Lakini msikilizaji wa Kigiriki alisikia sauti moja katika sehemu hizo zote, na sauti hiyo ilitoka sokoni na kwenye hati za mikopo. Sisi tunasikia maneno manane, na uzi unatukatikia mkononi. Rangi uliyoipaka ndiyo uzi huo.

Hatua ya 3: Anzia kwenye fedha

Usianzie kwenye sala. Anzia mahali ambapo deni ni deni la fedha taslimu, ili ujue uzito wake kabla halijawa mfano wa jambo lingine.

Nenda Mathayo 18:23-35, mtumwa asiyesamehe. Kwanza fanya hesabu kwa mkono, andika kwenye daftari. Mtumwa wa kwanza "awiwaye talanta elfu kumi." Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, kama unavyoona katika Mathayo 20:2. Kwa hiyo deni ni dinari 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka, asile wala asivae, atalimaliza baada ya miaka 200,000. Tena elfu kumi, kwa Kigiriki «mirioi», ndiyo namba kubwa kuliko zote iliyokuwa na neno lake moja katika lugha hiyo, na talanta ndicho kipimo kikubwa cha fedha. Yesu alichukua vyote viwili vya juu kabisa akaviunganisha. Ukitaka kulinganisha na mambo ya nchi, mwanahistoria Yosefo anaandika kwamba Herode Antipa alipata talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea. Deni la mtumwa huyu ni mapato ya Antipa ya miaka 50.

Mtumwa wa pili anadaiwa dinari mia. Usizidharau. Ni siku mia za kazi, miezi mitatu na zaidi ya jasho, na mtu yeyote aliyewahi kungoja kulipwa kiasi hicho anajua maumivu yake. Nimesikia wahubiri wakiziita vijisenti. Si kweli, na tukizifanya vijisenti mfano unapoteza makali yake, kwa sababu Yesu anatuambia tusamehe mambo yanayouma kweli. Udogo wake unaonekana tu ukiweka kando yake lile la kwanza: moja kwa laki sita.

Sasa kisikilize Kiswahili cha Union Version hapa. Mtumwa alimkuta mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, "aliyemwia dinari mia," akamshika koo akisema, "Nilipe uwiwacho." Kitenzi hiki, kuwia na kuwiwa, ndiyo sababu ya kuipendelea tafsiri hii. Vijana wengi hukisoma kinyume, kwa hiyo kishike vizuri: anayewia ni mwenye mali, yule anayedai. Anayewiwa ni mdaiwa. Ndiyo maana Luka 11:4 inasema tunamsamehe "kila tumwiaye," yaani kila tunayemdai. Ukilishika hili, nusu ya mistari uliyokusanya itakufungukia bila kamusi ya Kigiriki.

Endelea na Luka 7:41, wadeni wawili wa mkopeshaji mmoja, wa kwanza dinari mia tano na wa pili hamsini, kisha Luka 16:5, wakili anayewaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja na kuwauliza wawiwa kiasi gani. Huko neno limeongezwa kichwa, «khreofeiletes», lakini mwili ni ule ule.

Kabla hujaondoka katika hatua hii, elewa deni lilikuwa nini katika nchi ile. Katika mfano, bwana anaamuru mtumwa auzwe, yeye na mkewe na watoto wake. Deni liliweza kula watu. Yosefo anasimulia kwamba mwaka 66, mwanzoni mwa vita dhidi ya Warumi, waasi walichoma moto nyumba ya kumbukumbu Yerusalemu ili hati za wakopeshaji ziteketee na wadeni wajiunge nao. Wasikilizaji wa Yesu waliposikia neno «deni», hawakufikiri jambo la moyoni kwanza. Walifikiri shamba, mtoto wa kike, na karatasi iliyofungiwa mjini.

Hatua ya 4: Sasa isome Sala ya Bwana

Weka Mathayo 6:12 na Luka 11:4 bega kwa bega. Mathayo ana deni na wadeni, «ofeilemata» na «ofeiletai». Luka anaanza, "Utusamehe dhambi zetu," kwa neno la kawaida la dhambi, «hamartia», kisha anamalizia na kila tumwiaye, «ofeilonti». Nusu ya kwanza amebadilisha, nusu ya pili ameacha deni pale pale.

Sababu iko katika Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu. Neno «hoba» kwa Kiaramu lilibeba maana zote mbili, deni na dhambi, na tafsiri za Kiaramu za Maandiko ya Kiebrania hulitumia kwa dhambi bila shida yoyote. Mathayo alilihamisha lilivyo. Luka, akiwaandikia watu wa Kigiriki ambao «ofeilema» kwao lilikuwa jambo la fedha, akawafungulia maana. Lakini angalia Luka 13:2-4. Wagalilaya waliouawa na Pilato anawaita wenye dhambi, «hamartoloi». Wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu anawaita «ofeiletai», wadeni, na Biblia yetu inaandika "wakosaji." Hoja ni ile ile, watu ni wa aina ile ile, maneno mawili. Hapo unaisikia Kiaramu ikipumua chini ya Kigiriki cha Luka.

Basi nilimjibu yule mama kwamba "makosa" si uongo. Hata Yesu mwenyewe anaendelea katika Mathayo 6:14 na neno jingine, «paraptomata», makosa. Lakini yeye aliona jambo ambalo sisi tuliosoma tulikuwa tumelipita: deni lina daftari. Deni lina upande wa pili, mtu halisi anayepungukiwa kwa sababu yangu. Ninaposali "deni zetu" nakiri kwamba kuna nilichopaswa kutoa na sikutoa, si tu kwamba kuna nililofanya.

Na kitenzi cha kusamehe kiangalie pia. Ni «afiemi», kuachilia. Petro na Andrea walipoziacha nyavu zao, Mathayo 4:20, ni kitenzi hicho hicho. Katika Kumbukumbu la Torati 15, ile sheria ya mwaka wa saba ambayo Union Version inaiita maachilio, tafsiri ya kale ya Kigiriki inatumia ukoo huo huo wa neno kwa kuachilia kila deni la jirani. Andika mstari huo kando ya Mathayo 6:12 katika Biblia yako. Kwa maoni yangu hakuna rejea inayoimulika sala hii zaidi ya hiyo.

Hatua ya 5: Itenganishe «imetupasa» na «imetupasa»

Hatua hii ndiyo inayokosewa mara nyingi, kwa sababu Kiswahili kinatumia kupasa kwa maneno mawili tofauti ya Kigiriki.

La kwanza ni «dei»: jambo lazima liwe, hakuna njia nyingine. Matendo 5:29, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu," ni «dei». Luka 24:26, kwamba ilimpasa Kristo kupata mateso, ni «dei».

La pili ni «ofeilo» letu: jambo linapaswa kwa kuwa kuna tulichopokea. Yohana 13:14, "Basi ikiwa mimi, niliye Bwana na Mwalimu, nimewatawadha miguu, imewapasa vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi." Miguu imeshaoshwa. Deni limeshaingia. Yohana wa Kwanza 4:11, "ikiwa Mungu alitupenda sisi hivi, imetupasa na sisi kupendana." Angalia muundo: kwanza kipokewacho, ndipo kipaswacho.

Kwa hiyo kila ukikuta "imetupasa", hakikisha kwanza kwa simu ni lipi kati ya hayo mawili. Likiwa «ofeilo», jiulize swali moja: hapa nimepokea nini? Mara nyingi jibu liko mstari huo huo au ule uliotangulia. Jaribu na Yohana wa Kwanza 3:16, kisha Waefeso 5:28, kisha Warumi 15:1.

Mstari mmoja unageuza mambo kwa namna inayogusa. Katika Wakorintho wa Pili 12:14 Paulo anasema "haiwapasi watoto kuweka akiba kwa wazazi, bali wazazi kwa watoto." Ni «ofeilo». Katika nyumba zetu, ambako mtoto akipata kazi ndugu wote huanza kuhesabu aliyosomeshwa, mstari huu tusiupite haraka. Paulo hafuti heshima ya wazazi. Anataja deni linalokwenda upande ambao hatujazoea kulitaja.

Hatua ya 6: Warumi, polepole

Waraka huu umejaa neno letu, na mistari yake inazungumza yenyewe kwa yenyewe. Isome kwa mfuatano huu.

Warumi 4:4: mfanya kazi hulipwa ujira kama deni, si neema. Hapa ni lugha ya mwajiri na kibarua.

Warumi 1:14: "Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani." Paulo hajakopa chochote kwa watu wa Roma, hata kufika hajafika. Anadaiwa nao vipi? Mfano unaonisaidia ni wa mtu aliyetumwa mzigo. Ndugu aliye mbali akinipa fedha nimpelekee mama yake kijijini, tangu nilipoipokea mimi nadaiwa na yule mama, ingawa yeye hajanipa kitu. Injili aliyopewa Paulo ni mzigo wa watu wengine.

Warumi 15:27: makanisa ya Makedonia na Akaya wamechanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. "Imewapendeza, tena wamekuwa wadeni wao." Kupendezwa na kudaiwa viko pamoja katika pumzi moja. Sadaka hii ni ya hiari na ni deni, na Paulo haoni mgongano.

Kisha Warumi 13:7-8, mstari unaotumiwa vibaya kuliko yote. "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Nimewaona watu wema, wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanaorejesha kila wiki bila kukosa, wakitoka kanisani wameinamisha vichwa kwa kuambiwa kwamba kukopa ni dhambi kwa mstari huu. Soma mstari wa 7. "Wapeni wote haki zao": hiyo "haki" kwa Kigiriki ni «ofeilas», madeni, na "wapeni" ni «apodote», kitenzi cha kulipa, kile kile cha "nilipe uwiwacho" cha Mathayo 18:28. Paulo anasema lipeni kila mtu stahili yake, kodi, ushuru, heshima, msibaki na deni lisilolipwa. Neno linamhusu anayekaa na cha mwenzake. Yesu naye katika Mathayo 5:42 anasema anayetaka kukopa kwako usimpe kisogo. Angewaambiaje wanafunzi wakopeshe, kama kukopa kwenyewe ni dhambi?

Na ukishaijua jozi hii, kulipa pamoja na deni, rudi Wakorintho wa Kwanza 7:3: "Mume na ampe mkewe haki yake, na vivyo hivyo mke na ampe mumewe haki yake." Jozi ni ile ile. Mume anatajwa kwanza kama mdaiwa. Mafundisho ya ndoa niliyoyasikia mara nyingi huanza na deni la mke.

Hatua ya 7: Epuka mitego mitatu

Kuna kitenzi «ofeleo», ὠφελέω, kufaidia, kama katika "itamfaidia mtu nini." Kwa macho kinafanana na chetu, lakini kinaanza na ω na hakina ει. Usikichanganye. Na kuna «ofelon», ὄφελον, lililotoka katika ukoo wetu lakini likawa neno la kutamani tu, "ingekuwa heri," kama katika Ufunuo 3:15. Usilazimishe deni huko.

Mtego wa pili: kumwaga maana zote katika kila mstari. Yohana 13:14 haizungumzii kufilisika, na Luka 16:5 haizungumzii dhambi. Uzi ni mmoja, shanga ni mbalimbali.

Wa tatu unaniumiza zaidi: kulitumia neno hili kumkaba mtu. "Mungu amekupenda, kwa hiyo unadaiwa sadaka na sisi." Luka 17:10 inatufundisha kusema "tumefanya tu yaliyotupasa kufanya," na maneno hayo yamewekwa kinywani mwa mdaiwa mwenyewe. Mstari huo haumpi mtu mwingine ruhusa ya kumsemea.

Hatua ya 8: Jipime kwa Filemoni

Waraka ni sura moja, mistari 25. Usome wote, kisha ukae kwenye mstari wa 18 na wa 19. Onesimo, mtumwa, ameondoka kwa bwana wake, na huenda ameondoka na kitu. Paulo anaandika: "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu. Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa."

Tumia yote uliyojifunza. Nani anayewia hapo? Filemoni. Nani awiwaye? Onesimo. Kwa nini Paulo anataja mkono wake mwenyewe? Kwa sababu hati ya deni ilikuwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa anayeahidi kulipa. Kigiriki kiliita «kheirografon», maandishi ya mkono, na ndilo neno lililo chini ya "hati" iliyofutwa katika Wakolosai 2:14. Barua ya kirafiki imegeuka, kwa mstari mmoja, kuwa hati yenye nguvu, na mwandishi wake yumo gerezani.

Kisha anaongeza: "Sikuambii kwamba nakuwia hata nafsi yako." Kitenzi hapo ni «prosofeilo», kudaiwa juu ya hayo. Andika katika daftari lako, kwa maneno yako, ni nani sasa anayemdai nani katika chumba kile ambamo Filemoni anaisoma barua, na Onesimo akiwa amesimama mbele yake.